Ghala Letu na Popo wa Bondeni

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa pendekezo, likaungwa mkono na wengi, kwamba miti mikubwa iliyomo katika bonde la Chama ikatwe na kupasuliwa mbao, na mbao hizo zitumike kujenga upya paa la ghala letu. Kwa kuwa siku ile Magharibi ilikuwa imekwisha ingia, Mwenyekiti aliliahirisha jambo hili mpaka Mkutano Mkuu ujao, akaniagiza mimi Katibu nilitangaze katika waraka wetu ili kila mwanachama aje hali amekwisha lifikiri. Nimelitangaza katika ukurasa wa kwanza kama nilivyoagizwa, bila ya kuongeza wala kupunguza neno. Hapa katika ukurasa huu, kwa idhini ya Mwenyekiti, nasema kwa ulimi wangu mwenyewe, wala si kwa ulimi wa Kamati. Rai yangu ni kuwa miti ile isikatwe. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Kwanza nataka kuwatendea haki wale waliotoa pendekezo, maana hawakulitoa kwa uchoyo wala kwa ujinga. Ghala letu linavuja, na kila mmoja wetu anajua. Msimu uliopita mvua ya vuli ilipoanguka usiku, maji yalipenya katika bati zilizooza yakashukia magunia. Asubuhi tulipoyafungua tulikuta karafuu zimeshika ukungu na zimepoteza rangi yake, na bei ikashuka kwa kadiri ya daraja lililoshuka. Waliopata khasara ile si wenye mashamba makubwa. Ni wanachama wenye miti michache, ambao kila pishi moja lina kazi yake nyumbani. Mimi ndiye niliyeandika majina yao katika daftari, na mmoja wao, mama mjane, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Mwanangu, ada natoa kila mwaka. Paa liko wapi?"

Kadhalika ni kweli kwamba popo wanaolala katika miti ile wanakera. Wanapiga kelele alfajiri wanaporudi, na chini ya miti pana harufu isiyopendeza. Embe zikiiva wao ndio wa kwanza kujua, na mashelisheli ya jirani zetu wanayatoboa kabla mwenyewe hajapata upondo wa kuyaangulia. Mzee mmoja tunayemheshimu sote alisimama akauliza, "Hiki ni chama cha karafuu, au ni chama cha popo?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Lakini nilipofika nyumbani swali lile halikuniacha. Nimelichukua usiku na mchana, na haya ninayoandika ndiyo jibu langu kwake, kwa adabu na heshima zote.

Mtu akisimama Wete juu ya kilima, pale njia inapoanza kuteremka kwenda bandarini, wakati jua linakuchwa, ataona mambo mawili kwa pamoja. Upande wa bahari yangeyange wanarudi makundi kwa makundi kulala katika mikoko, na mdiria anaitazama maji ya mwisho ya siku kutoka juu ya kigingi. Upande wa shamba, mara jua likishazama, popo wanaanza kutoka. Hawatoki kwa haraka kama popo wadogo wa darini. Wanapiga mbawa polepole, kama mtu anayevuta makasia, na kila mmoja anashika njia yake kwenda kwenye matunda aliyokwisha yajua. Sisi tuliozaliwa hapa tumeliona jambo hili tangu utoto, na kwa sababu hiyo tunadhani kuwa kila mahali duniani jioni huwa hivyo. Sivyo.

Popo huyu hayuko Unguja. Hayuko Tanga wala Mombasa. Yuko Pemba tu, na akitoweka Pemba ametoweka duniani. Jamaa zake wa karibu wako Mafia, Ngazija, Bukini na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi, na wengi zaidi wako Asia. Lakini katika bara zima la Afrika hakuna hata mmoja wa ukoo huo. Manyoya yake ni mekundu ya hudhurungi, uso wake ni kama wa mbweha mdogo, na akitandaza mbawa zake hupita mita moja na nusu kutoka ncha mpaka ncha. Jina lake la vitabuni alipewa mwaka 1909 na mtaalamu wa Kijerumani, kwa ukumbusho wa Voeltzkow, msafiri aliyekuja kisiwani kwetu mwanzoni mwa karne ile. Sisi twamwita popo tu, na yatosha.

Jambo moja katika maumbile yake linafaa lijulikane na kila anayetaka kupiga kura. Popo jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Hazai kama panya, wala hatagi kama kuku. Kwa hiyo watu wakiua wengi kwa msimu mmoja, pengo hilo halizibiki kwa msimu wa pili wala wa tatu. Tumeyaona hayo kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hofu ilikuwa kubwa kwamba popo hawa wamekaribia kwisha. Miti yao ilikuwa imekatwa kwa kuni, mbao na mashamba, na wao wenyewe waliwindwa kwa bunduki, kwa nyavu na kwa fimbo. Waliohesabu wakati ule walipata elfu chache tu, na mwaka 1996 akaandikwa miongoni mwa wanyama wa dunia walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kilichowaokoa ni watu wa vijiji. Walikubaliana wenyewe kwa wenyewe kuacha kuwinda katika miti fulani na kuilinda miti hiyo. Mahali pengine walisaidiwa na mila za zamani, kwani baadhi ya makundi ya popo yanalala juu ya makaburi, na mti wa makaburini mtu haukati hivi hivi. Kidike, baina ya Chake Chake na Wete, wanakijiji waliwalinda popo wao mpaka mahali pale pakawa pa kutembelewa. Mgeni anayekuja kuwatazama hulipa kiingilio. Katika miaka ya 2000 hesabu ilikuwa imepanda kufikia karibu popo 20,000, na hali yao ikaandikwa kuwa afadhali, ingawa bado si ya salama. Basi haya ni mambo yaliyofanywa na Wapemba kama sisi, wenye mashamba kama yetu na mapaa yanayovuja kama letu. Itakuwa aibu wao wapandishe na sisi tushushe.

Sasa nije katika manufaa, maana najua mkulima huuliza, "Nami napata nini?" Nami naona ni swali la haki.

Tazameni mivule mitatu ya bondeni, ambayo ndiyo tunayoitamani kwa mbao. Nani aliipanda? Nimewauliza wazee, na hakuna aliyenitajia mtu. Hakuna mwanachama aliyeipanda, wala Bwana Shamba. Inajulikana katika nchi nyingi za Afrika kuwa popo wala matunda hula tunda la mvule na kuziangusha mbegu zake mbali na mti uliozaa. Msufi na mbuyu huchanua usiku, wakati nyuki wamelala, na popo ndiye anayepita ua kwa ua. Basi anayesema kuwa popo wanatulia matunda yetu asema kweli, lakini asiache kusema nusu ya pili, kwamba miti mingi tunayoikata bila ya kuipanda ilipandwa na wao. Kama popo angekuwa mwanachama, naamini angekuwa amelipa ada yake zaidi ya wengine.

Ama karafuu yetu, popo si mshindani wake. Sisi tunaichuma ingali imefumba, kabla ua halijafunguka. Tangu nishike kazi ya Katibu nimepokea malalamiko ya wizi wa karafuu, ya mipaka, ya wachumaji wanaovunja matawi, na ya mizani. Sijapokea hata barua moja ya mwanachama aliyeliwa karafuu zake na popo.

Zaidi ya hayo, yako maji. Kitalu chetu cha miche kiko katika ukingo wa bonde lile, nacho kinanyweshwa kwa chemchemi inayotoka chini ya mizizi ya miti ile ile. Kila aliyekuza mche wa mkarafuu anajua ulivyo mgumu kulea. Unataka kivuli, unataka maji, na jua la kaskazi likiupiga siku mbili tatu bila ya kinga hukauka kama jani la chai. Tukiuvua ukingo ule nguo yake, je, chemchemi itabaki kama ilivyo? Wengine watasema itabaki. Mimi nimeona mabonde ya mpunga ambayo zamani hayakukauka mwaka mzima, na baada ya miti ya juu kukatwa yakawa yanapasuka ufa kabla ya masika. Ghala zuri lisilo na karafuu za kutia ndani ni nyumba ya panya.

Nageukia sasa jambo jingine ambalo halikutajwa mkutanini kwa sauti, lakini nilisikia likinong'onwa nje, karibu na viatu. Ilisemwa kuwa bonde lile lina bundi, na kwamba bundi akilia karibu na ghala hiyo ni nuksi, na kuwa labda ukungu ule ulitoka huko. Hili naona lazima nilijibu, na kulijibu itanibidi niseme kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa na umri wa kiasi cha miaka kumi, bibi yangu mzaa baba aliugua. Usiku mmoja tukirudi kutoka chuoni baada ya Isha, mimi na wenzangu wanne, tulimsikia kibundi akilia katika mkarafuu wa babu ulio karibu na dirisha la bibi. Mnamjua sauti yake: neno moja, kisha anyamaza, kisha neno lile lile, kama mtu anayehesabu polepole. Tulikuwa tumefunzwa na wakubwa kuwa anaita roho. Tukaokota mawe. Tulimpiga mpaka akaanguka, na nilipomuinua nilistaajabu kuwa kitu kinachotisha kijiji kizima kinaenea katika mkono wa mtoto. Niliingia ndani nikamwambia baba kwa furaha kwamba bibi atapona, kwa sababu tumemwua bundi.

Baba hakusema kitu. Bibi alifariki siku ya tatu. Baada ya maziko, mwalimu wetu wa chuo, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituita sote watano, akatukalisha mbele yake, akatuuliza: "Ndege mlimwua, na ajali imekuja wakati wake. Sasa mtamwua nani?" Kisha akatufunza kuwa Mtume wetu, sala na amani zimfikie, alikwisha kataza watu kuchukua fali mbaya kwa ndege, na kwamba itikadi hiyo ya bundi ilikuwa ya Waarabu wa zama za ujinga kabla ya Uislamu. Alitukumbusha pia kuwa Kurani inatuambia kuwa wanyama watambaao na ndege warukao ni umati kama sisi. Nilikuwa nimelisoma neno hilo mara nyingi kwa ulimi. Siku ile ndipo lilipoingia moyoni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa skuli ya sekondari, nilikiona kitabu cha ndege wa Unguja na Pemba kilichotungwa na Bwana Pakenham, aliyekuwa mtumishi wa Serikali katika visiwa hivi, kikapigwa chapa mwaka 1979. Humo nikajifunza kuwa kibundi yule ni wa Pemba peke yake. Hayuko mahali pengine popote chini ya jua. Anaishi msituni, kama vile Ngezi, na anaishi pia katika mashamba ya zamani ya mikarafuu, na chakula chake ni wadudu wa usiku. Ndugu zangu, yapo mambo machache duniani ambayo mkulima wa karafuu wa Pemba anayo na tajiri wa Ulaya hana. Hili ni moja. Kiumbe ambaye wataalamu husafiri kutoka nchi za mbali ili wamsikie tu, analala katika mikarafuu yetu, anatulia wadudu, naye hatudai hata senti. Na sisi malipo yetu kwake ni mawe.

Wala si yeye peke yake. Ninga wa kijani anayekula matunda ya mikuyu, chozi anayening'inia katika maua ya mgomba, na yule mdogo wa manjano mwenye duara jeupe machoni anayepita kijeshi katika vichaka, hao watatu pia wenye sura hizo hawapatikani ila Pemba. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki Al-Khudhra, yaani Cha Kijani. Tunajisifu sana kwa jina hilo katika hotuba. Lakini jina si rangi ya bati kwamba ukishapaka umemaliza; linataka kulindwa mwaka hata mwaka.

Najua ataondoka mtu aseme, "Katibu, viumbe vingi vimeondoka na dunia haikusimama." Kwa huyo nina mifano miwili. Wa kwanza ni wa kunguru. Katika miaka ya 1890 waliletwa Unguja kunguru kutoka Bara Hindi ili wale taka za mji. Nia ilikuwa nzuri, na aliyewaleta alidhani amepata wafagiaji wasiotaka mshahara. Wamezaana, wakavuka bahari wakaenea pwani ya bara, na hata leo wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku wa maskini. Katika miaka ya 1990 ilifanywa kazi kubwa Unguja ya kuwapunguza, wakapungua, kisha wakarudi. Kosa lililofanywa kwa siku moja limewashinda watu kwa miaka zaidi ya 100.

Mfano wa pili ni wa maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani na kutuuma tunapokuwa juu ya mti. Hakuna mchumaji ambaye hajawalaani. Lakini katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja aliyefanya kazi Unguja aligundua kwamba mnazi wenye maji moto hunusurika na mdudu anayefyonza vidaka na kuvipukutisha. Yule tuliyemwona adui alikuwa mlinzi mlangoni. Basi mfano wa kwanza wafunza kuwa si kila kinacholetwa kwa faida ni faida, na wa pili wafunza kuwa si kila kinachouma ni hasara. Mtu mwenye akili akikutana na kiumbe ambaye hajui kazi yake yote, husubiri kabla ya kuinua shoka.

Nasi wa Pemba tuna sababu zaidi ya wengine ya kuogopa kujiamini. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha mikarafuu yake mingi mno, na Pemba ikanusurika zaidi. Ndipo kisiwa chetu kikashika nafasi ya kwanza katika karafuu. Neema hii tuliyoizoea haikutujia kwa werevu wetu peke yake. Ilitujia kwa sababu ya msiba uliowafika ndugu zetu. Na neema iliyokuja kwa upepo mtu haipokei kwa kiburi, wala hakati miti mikubwa inayosimama baina ya shamba lake na upepo huo.

Sasa nimekwisha sema mengi ya kuzuia, na mtu anayezuia bila ya kuonyesha njia ni mzigo kwa wenziwe. Paa lazima litengenezwe, tena kabla ya msimu. Rai yangu ni hii.

Kwanza, tuhesabu sawasawa ni nini hasa tutapata bondeni. Msufi mti wake ni mwepesi na laini, haufai kubeba bati. Mwembe huliwa na wadudu upesi. Yabaki mivule mitatu tu. Mpasuaji atataka ujira wake, uchukuzi kutoka bondeni una gharama, na kibali cha kukata kina taratibu zake. Na baada ya hayo yote bati na misumari itabidi tununue vile vile, kwani mvule hauzai bati. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa miti ile itatupa paa bure. Itatupa sehemu ya paa, nasi tutatoa bonde zima.

Pili, wengi wetu tuna minazi mizee iliyokwisha acha kuzaa, imesimama tu ikingojea upepo. Gogo la mnazi mkongwe, hasa upande wake wa chini na wa nje, hutoa boriti ngumu na mbao nzuri, ikiwa zitakaushwa vyema, zitatiwa dawa ya mchwa na zitakaa pasipo na mvua. Mwanachama mwenye mnazi wa namna hiyo na autoe, na jina lake liandikwe katika daftari la Chama. Mimi natoa miwili iliyo nyuma ya nyumba yangu, na mwenye shoka anaweza kuja hata kesho.

Tatu, kwa ajili ya bati, kila mwanachama akubali kukatwa thamani ya kilo mbili za karafuu kavu katika mauzo ya msimu huu, mara moja tu, wala isiwe desturi. Wale walioandikwa kupata khasara ya ukungu wasikatwe kitu, maana wao walikwisha lipa. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha hizo ziwekwe katika hesabu yake mbali, na Kamati itoe taarifa yake katika waraka huu, senti kwa senti.

Nne, jirani wenye mishelisheli na miembe karibu na bonde wasiachwe peke yao na kero ya popo. Wavunieni mapema matunda yaliyokomaa, na yanayoweza kufunikwa yafunikwe. Tunda lililokwisha tobolewa na popo lisiliwe, na watoto wakatazwe kumshika kwa mikono popo aliyeanguka. Hiyo ni tahadhari ya usafi na ya afya tu. Masala ya nyama yake nawaachia masheikh, lakini mimi naona mwenye samaki wa Wete hana dharura ya popo.

Mwisho nataka kumrudia mzee wetu na swali lake. Hiki ni chama cha karafuu, sina shaka. Lakini mkarafuu haukuota katika sahani. Umeota katika kisiwa, na kisiwa kina maji yake, upepo wake, miti yake mikubwa, na umati wa viumbe waliokuwamo kabla karafuu ya kwanza haijaletwa. Sisi tumekuta, na wanetu watatukuta. Mtume alitufunza kuwa mtu akipanda mti, kisha akala humo binadamu, au ndege, au mnyama, huandikiwa sadaka. Kama anayepanda anaandikiwa, basi anayekuta imekwisha pandwa na kuiacha isimame sidhani kuwa atakosa fungu lake.

Mama mjane aliyeniuliza paa liko wapi bado sijamjibu. Natumai Mkutano Mkuu utanipa jibu la kumpelekea, na jibu hilo liwe la paa jipya na bonde zima, si moja kwa kulipoteza la pili. Ikiwa rai yangu itashindwa, sitakuwa na kinyongo. Kazi ya Katibu ni kuandika kilichoamuliwa, nami barua ya kuomba kibali cha kukata nitaiandika kwa mkono huu huu ulioandika makala haya. Lakini nawaomba siku ile, kabla ya kuinua mikono, kila mmoja wenu apite kwanza bondeni wakati wa Magharibi, asimame kidogo chini ya mivule, atazame juu. Kisha aje mkutanini.

Wenu katika kazi,

Katibu wa Chama